Vidonge Hamsini na Vinne

…na kwa nini nesi anamkazia macho hivyo, sindano mkononi, kalamu sikioni, ameuliza tu, dada, umeruka vidonge vingapi, swali dogo, jibu lake analo, hamsini na vinne, vyote vimelala kwenye kopo la poda ya mtoto, kwa sababu daktari alisema uvimbe wa titi lake unakula homoni za kike, kidonge kinaufungia mlango, sindano ya tumboni ya kila mwezi itazima jiko lenyewe linalozipika, na hedhi itakatika, na yeye katika maneno yote hayo akaokota hilo la hedhi tu… aliliokota kwa sikio la mama mkwe, mama mkwe anayekagua kamba ya kuanikia kila mwezi, “mwanangu hakuoa ukuta, bibie, mjukuu mmoja ni kama jicho moja, likiingia vumbi umekwisha,” anacheka, wifi anacheka, mume yuko na simu yake, basi akaacha kumeza, siku zilizokuwa zimeanza kuyumba zikakaa sawa, akaanika vitambaa vyake mbele, juani, kwa maringo, jamani, kwa maringo!… “Dada, sikugombezi, nataka idadi tu,” idadi, na titi limeshakatwa, kovu linawasha, na kama kuna punje iliyobaki mwilini basi amekuwa akiilisha yeye, kwa mkono wake, siku hamsini na nne, ili aonekane mwanamke mbele ya mtu ambaye… si huyo mama mkwe hapo nyuma ya pazia na wifi, anamfundisha mjukuu wake, “usimlilie yule, yule mgonjwa, mwite huyu, sema mama,” na mtoto, mwaka mmoja na nusu, anasema, mama, vizuri kabisa, na wifi anaitika, “Abee, mwanangu!” na wote wawili wanacheka… kumbe hawangoji mjukuu wa pili, wanangoja aondoke, wameshaanza mazoezi, na woga aliokuja nao unamtoka, panaingia chuki, safi, baridi, na chuki inataka kuishi, inataka sindano zote, miaka mitano, hata kumi, viungo viume, joto limpande usoni kama bibi kizee, potelea mbali, mradi siku ya kumzika mama mkwe yeye awe ndiye anayepokea wageni mlangoni, mzima, amenenepa… nesi bado anangoja na sindano yake, naye analipandisha gauni, tumbo wazi, “hamsini na vinne,” anasema, “choma.”