Mama Mkwe na Miti Milevi

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, hakuwa amezungumza na mkwewe tangu kijana huyo alipoacha kazi ya ofisini akaenda kukata miti mtoni. "Binti yangu aliolewa na karani, si mpasua kuni," aliwaambia majirani.

Lakini mto wa pale jangwani ulizidi kukonda nyuma ya nyumba yake. Miti ya kigeni ilikuwa imesongamana kingo zote, na kwa jinsi ilivyofyonza maji, watu waliibandika jina la miti milevi. Mama akaona hapana, akaenda kujiandikisha katika kazi ileile ya kuiondoa miti hiyo. Msimamizi, asiyejua lolote, akampanga na mkwewe.

Kijana alikuwa akikata shina karibu na ardhi. Mama alikuwa akipaka kisiki dawa ya buluu kwa brashi, ili kife kisichipue tena. Dakika tano zikipita, kidonda cha mti kinakauka na dawa haiingii. Kijana alikata bila kugeuka. Mama akaachwa nyuma, visiki kumi, ishirini. Simwiti ng'o, akasema moyoni. Siku nzima waliongea kwa kukohoa tu.

Baada ya mwezi, mstari wao wote wa visiki ulikuwa umechipua, machipukizi yanafika magotini.

"Nani alishika msumeno hapa?" msimamizi akafoka.

"Mimi," kijana akajibu. "Nilikwenda mbio mno."

"Basi vua glavu, uende nyumbani."

Mama akajitokeza mbele. "Ngoja kwanza. Dawa niliichelewesha mimi. Niliona kabisa ninaachwa, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Ni mkwe wangu."

Msimamizi akawatazama, kisha akaangua kicheko. "Kumbe! Mtarudia mstari mzima, na safari hii mtafungua midomo."

Wakarudia.

"Mama, nikate?"

"Bado, subiri. Haya, kata."

Walipopumzika, mama akamuuliza kilichomtoa ofisini.

"Nilikuwa nagonga mihuri tu, mama. Jioni nikiulizwa nimefanya nini, sina jibu."

Mama akamsogezea chupa yake ya maji. "Kunywa, mwanangu."

Msimu uliofuata, visiki vilikuwa vikavu kama mfupa. Kwenye tope palikuwa na miche ya mierebi, miti ya asili ya mto ule, imeota yenyewe, na maji yakipita katikati yake, kina cha kifundo cha mguu.

Mama akampigia binti yake simu palepale. "Jumapili njooni wote. Na mumeo aje na msumeno, ng'ambo ya mto bado kuna kazi."