Miguu ya Kahawia

Alasdair alitoa hukumu ya Kea wakati wa kifungua kinywa, mdomo umejaa skonzi. Alisema ikiwa mbwa yule hatabweka kabla ya siku ya kushusha kondoo kutoka malisho ya juu, ataondoka. Kulikuwa na daktari wa meno huko mjini Timaru aliyekuwa akitafuta mbwa wa watoto wake, naye alikwisha kupigiwa simu. Noeline, mkewe, akamuuliza kama kwao walifundishwa kuzungumza huku wanatafuna. Mimi niliendelea kupaka siagi kipande cha mkate ambacho tayari kilikuwa na siagi.

Nilikuwa nimefika kwao mwishoni mwa kiangazi, moja kwa moja kutoka chuo cha kilimo. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kumtembeza Kea kila alasiri ili aizoee milima. Wenyewe waliiona kazi ndogo. Mimi sikuwahi kupewa kazi niliyoipenda kama ile.

Huku kwetu mbwa wa kondoo ni wa namna mbili. Kuna wa kubweka, anayekaa nyuma ya kundi na kulisukuma kwa sauti mpaka mlima mzima ujue yupo. Na kuna wa kimya, anayezunguka mbali, akawatokea kondoo kwa mbele na kuwaleta kwa macho tu. Watu hawasubiri mbwa akue ndipo wajue ni yupi. Wanatazama rangi. Mweusi mwenye kifua cheupe ni wa kimya, mweusi mwenye miguu ya kahawia ni wa kubweka, na mjadala unaishia hapo. Kea alikuwa mweusi ti, na miguu yake ya kahawia kama aliyekanyaga chai. Mama yake, Bess, alikuwa na sauti iliyovuka mto. Ndiyo maana mtoto alipewa jina la yule kasuku wa milimani asiyejua kunyamaza. Sasa alikuwa na mwaka na ushei, na hakuna aliyewahi kumsikia akitoa sauti, isipokuwa mara moja mlango ulipombana mkia.

Tulikuwa tukipita kando ya kijito na kuvuka kwenye mawe, yeye akitangulia na kurudi, akitangulia na kurudi, kuhakikisha kwamba sijapotea. Siku moja alimkuta kalunguyeye chini ya kichaka, akarudi na pua imechomwachomwa. Tangu hapo akawa anakipita kichaka kile kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya wakwe. Siku nyingine matope ya bondeni yalininyang'anya buti. Nikasimama kwa mguu mmoja nikilivuta, naye akakaa pembeni akinitazama bila haraka. Tulipofika juu tulipumzika na kugawana tufaha. Mimi nilikula nyama yake, yeye akala kokwa na kikonyo.

Namna ya kumfundisha mbwa kubweka Alasdair alinionyesha mwenyewe. Unamfunga kwenye uzio, unampitishia kondoo mbele ya pua, halafu unabweka wewe mpaka naye apandwe na mori. Alibweka pale uani bila haya yoyote, na mbwa wote wakamwitikia, ila Kea. Kisha akaniambia niendelee na somo hilo kila siku.

Mimi ndiye ambaye chuoni, jina langu likiitwa, niliitikia kwa sauti ndogo hata mwalimu akalazimika kuita mara ya pili. Kwa hiyo nilimpeleka Kea mbali, juu ya kijito, mpaka paa la nyumba likafichika. Nikamfunga, nikawafukuza kondoo wachache wapite, nikatazama huku na huku. Nikabweka. Mara ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Mara ya pili ilikuwa afadhali. Kea aliinamisha kichwa upande, akasogea hadi kamba ilipomruhusu, akanilamba mkono kama unavyomliwaza mgonjwa.

Sikujua kwamba Paora alikuwa juu yetu akitengeneza uzio. Paora alifanya kazi pale tangu kabla Alasdair hajaoa, na hakuwahi kuacha jambo la kuchekesha lipotee bure. Wakati wa chakula cha jioni alimweleza bosi, uso mkavu kabisa, kwamba amesikia mbwa mgeni bondeni.

"Sauti nyembamba kidogo," alisema, "lakini ana moyo. Akilishwa vizuri atafaa."

Noeline alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni. Masikio yangu yaliwaka moto. Paora akanipitishia kiazi kikubwa kuliko vyote, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi.

Somo la kubweka halikwenda popote, lakini katika kutembea nilianza kuona mambo mengine. Kea alipowaona bata kwenye kidimbwi hakuwakimbilia. Alilala kifudifudi akawatazama, nao wakahama upande aliotaka. Alasiri moja niliwakuta kuku wote wa Noeline wamejibana kwenye pembe ya uzio, kimya, kama watu kwenye foleni ya ofisi, na Kea amelala mbele yao, kidevu chini. Nilijua ni mbwa wa namna gani wanaofanya hivyo. Nilitaka kusema mezani. Lakini siku hiyohiyo Paora alikuwa ameniuliza kama chuoni tuliwafundisha kondoo upande wa kutafunia, na maneno yangu yalifika kwenye meno yakageuka. Tena kulikuwa na ile miguu. Nani angebishana na miguu ile?

Daktari wa meno aliambiwa aje Jumamosi. Alhamisi nilimpeleka Kea mbali kuliko siku zote, hadi nje ya uzio wa mwisho. Upepo ulikuwa umetulia na nyasi za mlimani zilikuwa na rangi ya mkate uliookwa vizuri. Huko juu ya mto kuna genge la mwamba, na ubavuni mwake kuna ukanda mwembamba unaoota majani mabichi. Kondoo kadhaa walikuwa wameteremka kufuata majani yale, na sasa walisimama wameegemea mwamba, hawajui warudi vipi. Chini yao mto ulipita katikati ya mawe. Nililala kwa tumbo nikachungulia. Mbwa yeyote angebweka hapo, wote wangeruka.

Nilikuwa nikiwaza kurudi nyumbani kumwita Paora na kamba, ndipo nikagundua Kea hayupo karibu nami. Alikuwa amezunguka juu kabisa, mbali, na alipotokea tena alikuwa mwisho wa ule ukanda, ng'ambo ya kondoo, amejilaza kama kivuli. Nilichoweza kusema ni kitu kidogo, kama najisemea mwenyewe.

"Taratibu, mama."

Masikio yake yakachezacheza. Alinisikia kutoka kote kule. Akainua mguu mmoja, akauweka. Akasimama. Kondoo wa mbele alipiga kwato chini kumtisha. Kea alimtazama tu. Yule kondoo akafikiri, akageuka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja kwenye njia isiyozidi upana wa sinia, mpaka wakanipita wakinuka sufu mbichi. Kea alikuja wa mwisho, akakaa juu ya buti langu. Nilimkumbatia nikalia kidogo, kisha nikacheka, maana alikuwa amejipaka samadi shingo nzima.

Sasa nilikuwa na la kusema, na sikulisema. Ijumaa asubuhi walizungumza habari za mvua. Mchana alikuja daktari wa mifugo. Jioni Alasdair alikuwa amekasirikia geti moja lililokatika bawaba. Usiku nilipanda kitandani nikijiona kiumbe duni.

Jumamosi gari jeupe liliingia, na ndani yake daktari, mkewe na watoto watatu. Walikuja na ukanda mpya mwekundu wa kumfungia mbwa. Yule mama aliuliza kama ni kweli habweki, kwa sababu majirani zao hawapendi kelele. Alasdair akamjibu kwamba hata nyumba ikiungua huyu hatasema. Binti yao mdogo alifunga ukanda kwa uangalifu mkubwa, akaanza kumwongoza kuelekea garini. Kea alitembea akinitazama mimi.

"Bosi," nilisema. Hakuna aliyesikia. "Alasdair."

Akageuka.

"Huyu si mbwa wa kubweka. Ni wa kimya."

Alimtazama Kea, akanitazama mimi. "Binti, hebu iangalie miguu yake."

"Nimeiangalia. Tangu nije naiangalia. Miguu imekosea."

Paora, aliyekuwa ameegemea uzio, alikohoa. Nikaeleza habari ya genge, mbiombio na vibaya, nikianzia katikati. Alasdair hakunikatiza. Nilipomaliza alimwomba radhi daktari, akamfungua Kea, akasema nyuma ya banda la kunyolea sufu kuna kondoo wachache, tukaone.

Alifungua geti akamtuma Kea kama wanavyotumwa wabwekaji, mikono hewani, sauti ikitikisa mabati. Kea akalala chini, masikio yamelala pia. Alasdair akapaza zaidi. Watoto nao wakamsaidia kupiga kelele. Kondoo wakakimbilia pembe ya mbali, na Alasdair akanigeukia kwa uso wa mtu aliyesikitika kuwa sahihi.

Kea alikuwa akinitazama.

"Bosi," nilisema, "naomba unyamaze."

Noeline akaweka kiganja mdomoni. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, hata yeye alikuwa na njia zake za kuzunguka. Nikawaomba na watoto pia. Kukawa kimya mpaka nikasikia mabati yakilialia kwa jua.

"Nenda, mama," nilinong'ona.

Akaondoka. Alifuata uzio kwa duara pana, tumbo likigusa nyasi, akapotea nyuma ya kundi, na kondoo wakaanza kuja. Hawakukimbia. Walikuja pamoja kama watu wanaotoka kanisani, moja kwa moja hadi mbele ya Alasdair, na mmoja akamkanyaga buti. Kea akajilaza nyuma yao, akangoja.

Alasdair alivua kofia, akaitazama ndani yake, akaivaa tena.

"Basi baba yake ni nani?" aliuliza.

Wote tulijua kwamba Bess alipelekwa kwa gari hadi shamba la chini, kwa mbwekaji mwenye sifa bonde zima. Paora alianza kukagua nguzo ya uzio kwa makini. Chini ya gari lake alikuwa amelala Dougal, mbwa wake wa kimya, jicho moja limeingia ukungu, kifua cheupe.

"Usinitazame mimi," Paora alisema. "Mimi nilimfunga. Mnyororo ndio ulikuwa mbovu."

"Mzee kama huyu?" Alasdair aliuliza.

"Angalau yupo mzee mmoja hapa anayefanya kazi bila kusukumwa," Noeline alisema, akaingia ndani kuwasha birika.

Binti mdogo wa daktari alilia, na hilo liliniuma. Nilichuchumaa karibu naye, nikamwachia amuage Kea kwa kumnong'oneza sikioni kwa muda alioutaka. Daktari alilipokea vizuri. Alisema mbwa wa namna ile angewaweka wanawe kwenye pembe ya sebule kutwa nzima, wazo ambalo mkewe hakulikataa upesi. Alasdair aliwaahidi mtoto mwingine wa Bess, na akaahidi, huku akimtazama Paora, kununua mnyororo mpya. Wakaondoka na skonzi na chupa ya jamu.

Baadaye, tukiosha vyombo, Alasdair aliniambia kwamba mbwa anayesikia minong'ono hana faida kwake, kwa kuwa yeye hakuzaliwa na sauti hiyo. Basi Kea awe wangu. Lakini mbwa aliyezoea milima hii hawezi kuhamishwa, kwa hiyo itanilazimu nibaki majira ya baridi, na mengine yakifuata, tutaona. Nilisema sawa. Nilisema mara mbili, ingawa mara ya kwanza alisikia.

Siku ya kushusha kondoo ilikuwa na baridi kavu na anga safi. Kila mtu alipewa upande wake wa mlima. Mimi nilipewa upande wa magharibi, ulio juu kuliko yote, pamoja na Kea na bila mtu mwingine. Nilimtuma kwa neno moja, akapanda akiwa doa jeusi kwenye nyasi, kisha akavuka ukingo nikawa simwoni tena. Kutoka upande wa pili wa bonde zilinijia sauti za Bess na Alasdair, na kwa mbali hivyo ilikuwa vigumu kujua ipi ni ya nani.

Nilikaa juu ya jiwe, nikafungua mkate wangu na nyama ya kondoo iliyopoa. Kwa muda hapakuwa na kitu chochote kule juu ila anga. Kisha ukingo wa mlima ukaanza kuwa mweupe, kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka ukajaa, na kundi zima likaanza kuteremka kuelekea kwangu bila haraka yoyote. Nami sikuwa na haraka. Niliumaliza mkate wangu kwanza.