Bahari Isiyo na Chumvi

Sifuri, jamani, chumvi sifuri! Yaani maji ya bahari, na chupa zimeandikwa BAHARI ubavuni, hayana chumvi hata ya kukolezea yai. Mtafiti alikikung'uta kipimo, akakitumbukiza tena. Kikamjibu vilevile.

Akamfuata mwendesha boti, aliyekuwa amejinyoosha kivulini, viatu vikavu kama biskuti. Wala hakuficha. Ofisi haikutoa mafuta ya boti, akasema, lakini ilitaka chupa zijae, naye akazijaza. Bombani.

"Sasa dada, ulitaka nipige mbizi?"

Mtafiti hakujua acheke au alie. Kutwa kucha anausaka ule mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaowajaza chaza sumu ambayo hata ukiwachemsha mpaka sufuria itoboke haitoki. Watu walishakufa ganzi midomo. Na marufuku ya kuokota chaza ilikuwa inaisha jioni hiyo, kwa majibu ya chupa hizohizo.

Akapanda ngazi mbio kwa mkurugenzi. Huyu alimsikiliza huku akiinyoosha tai yake. Watu wa mahoteli, wanaozitaka chaza hizo mezani, walikuwa njiani kuja kusikia marufuku ikiondolewa.

"Huo mwani umeonekana humo?"

"Haujaonekana, mzee, kwa sababu ni maji ya bomba. Hata chumvi hayana."

"Unaona sasa, mwanangu? Mpaka chumvi imepungua. Hiyo ni hatua."

Akaomba mafuta, akaambiwa aandike barua. Akaomba marufuku iongezwe, akaambiwa asiwatie watu hofu, na waandishi wa habari asizungumze nao kabisa.

Akarudi maabara amenywea. Mara macho yakamng'aa. Amekatazwa waandishi, shangazi yake hajakatazwa. Na shangazi huyo, mwenye saluni jirani na soko la samaki, ukoo mzima unamwita Redio: mnong'oneze jambo asubuhi, mchana utasimuliwa na mtu usiyemjua, tena limenenepa.

Akapiga simu, sauti akaishusha.

"Shangazi, chaza wa hapo ufukweni wasiliwe. Wana sumu. Ila ni siri, usimwambie mtu."

Upande wa pili kikaushio cha nywele kikazimwa. Viti vya saluni vikasikika vikisogezwa karibu.

"Mimi tena? Mimi kaburi. Haya, nani kawatilia? Mwanamke au mwanamume?"

"Kisa kirefu, shangazi," mtafiti akasema, huku akizimwaga zile chupa kwenye sinki. "Kesho nakuja kusukwa, nitakupa kilichobaki."