Trauti Kwenye Sinki la Saluni

Jumatatu saluni hufungwa, na msusi huwa mtoni kabla jua halijakolea. Jumatatu hiyo ya mwanzo wa kiangazi alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini, mabuti ya mpira miguuni, akirusha mshipi nyuma na mbele mpaka nzi wake akatua juu ya maji kama aliyefika kwake. Nzi mwenyewe alikuwa wa bandia: manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwa uzi juu ya ndoana pamoja na nywele za mke wa mfamasia, zile alizozipaka rangi ya shaba na ambazo msusi alizifagia sakafuni. Trauti, samaki wa mto huo wasioishi ila kwenye maji baridi, walizipenda nywele hizo kuliko za mtu mwingine yeyote mjini. Mke wa mfamasia alijua, na alijivunia.

Ukingoni, juu ya jiwe, alikaa wifi yake, dada wa mumewe. Watu walimwita Kikaango, kwa sababu kila Jumatatu alikuja mtoni na kikaango kitupu na kila Jumatatu alirudi nacho kitupu. Msusi alikuwa havui ili ale. Alivua kwa raha ya kuvua, kisha akarudisha.

Trauti akauma. Msusi akalowesha mikono kabla ya kumgusa, maana mkono mkavu humvua samaki ule utelezi unaomkinga na maradhi. Akachomoa ndoana, ambayo kijino chake alikwishakibana kwa koleo ili isichane mdomo, akamwelekeza samaki kule mkondo unakotoka, akamwachia.

"Wewe mwanamke," Kikaango akasema, "unamtega, unamvuta, unampapasa, halafu unamuaga. Akifika kwao atasimulia nini?"

"Atasimulia kwamba nina wifi mwenye njaa."

Lakini trauti hakwenda kwao. Alibaki pale pale kati ya mabuti, akihema. Msusi akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Maji yalikuwa vuguvugu, kama ya kuoshea vyombo, na asubuhi ilikuwa bado mbichi. Katika maji ya moto mvuvi mwenye adabu havui, kwa sababu samaki aliyechoka humo hata ukimwachia hafiki mbali. Akakunja ufito wake wa kuvulia, wakaondoka.

Trauti akatoka majini akawafuata. Aliogelea hewani, kimo cha kiuno, nyuma kidogo ya Kikaango. Walipita duka la dawa, wakapita posta, wakapita kwa fundi baiskeli, na fundi akawasalimu wote watatu. Msusi alipofungua saluni, trauti alikwenda moja kwa moja kwenye sinki la kuoshea nywele, akajilaza. Msusi akamfungulia bomba la maji baridi.

Kesho yake adhuhuri wakaja wengine. Walipanga foleni pamoja na wateja.

"Wa mwisho ni nani hapa?" mwalimu mkuu aliuliza alipoingia na nyuzi zake za kusukia mfukoni.

Trauti mmoja mnene akainua pezi. Mwalimu mkuu akakaa nyuma yake. Hapakuwa na aliyelalamika, isipokuwa kwamba sakafu ilikuwa inateleza. Jioni, mto ulipopoa, samaki wakatoka kwa mstari wakarudi.

Kikaango alikuwa amefika mchana wa siku hiyo na kikaango chake na chupa ya mafuta. Akavuta kiti mpaka kwenye sinki, akamtazama trauti yule wa jana. Trauti naye akamtazama.

"Haya, vipi?" msusi akauliza.

"Mtu aliyekuja kwa miguu yake kuomba maji, mimi simkaangi."

"Hana miguu, wifi."

"Ndiyo nakwambia! Fikiria alivyojitahidi."

Akaanza kumchotea maji kwa kikaango na kummwagia mgongoni. Msusi alicheka, kisha akainama kumtazama samaki vizuri, na kicheko kikakatika. Pembeni mwa mdomo kulikuwa na kitundu. Ilikuwa kazi ya mkono wake msusi. Kitundu kilikuwa kinaziba vizuri, kama tundu la sikio la msichana aliyeacha kuvaa hereni, lakini alijisikia vibaya kiasi kwamba alimsuka mwalimu mkuu mistari iliyopinda, ikabidi afumue aanze upya. Samaki huyu alikuwa na mji mzima wa kuchagua, akachagua kuja kwa aliyemtoboa.

Alivua aproni, akaufuata mto kwenda juu kutafuta kilichoyapasha maji moto, mpaka kwenye hoteli ya watalii iliyo karibu na chemchemi. Huko alikuta ukuta uliokinga mto na lango la chuma la kuzuia maji. Maji yote baridi ya chemchemi yaliingia kwenye bwawa la wageni, na yaliyoteremka mjini ni yale yaliyokwisha kuanikwa juani. Meneja alimpokea kwa bashasha. Alikuwa mteja wake, wa kuingia kwa mlango wa nyuma kupakwa nywele rangi nyeusi.

"Karibu sana, dada. Nikusaidie nini?"

"Fungueni lango mchana, japo nusu. Samaki wanahama."

"Wanahamia wapi?"

"Kwangu."

Meneja akatafakari. "Na wanahudumiwa vizuri?"

"Vizuri."

"Basi tumshukuru Mungu. Maana wageni wangu nao wanataka maji ya baridi, na hawa hawawezi kuja kukaa kwenye sinki."

Akampa juisi, akamsindikiza mpaka getini.

Baraza la mji likakutana. Watu walizungumza kwa uchungu, wengine wakasimama kabisa. Mwishowe likaazimia kwa kauli moja kuchora kivuko cha samaki mbele ya posta, na kuwaomba wenye magari wapunguze mwendo. Mwenyekiti alikuja kukata utepe, na trauti wakapita juu ya kichwa chake. Hoteli nayo ikaliweka gwaride hilo la samaki kwenye matangazo yake. Wageni waliteremka adhuhuri kulipiga picha, kisha wakarudi kuogelea.

Msusi aliacha kuvua mpaka mvua zirudi. Mabega yalimwasha kwa hamu ya kurusha mshipi, lakini Jumatatu sasa saluni ilikuwa wazi. Na bado haikutosha, ikabidi nyumba nyingine zipokee samaki. Mfamasia alichukua wawili wa makamo. Kikaango alizunguka mlango kwa mlango akikagua.

"Lowesha mikono kwanza!" alimfokea fundi baiskeli. "Huyo si mkate!"

Jioni msusi na wifi yake waliwasindikiza samaki mtoni. Yule mwenye kitundu alikuwa wa mwisho kila siku. Alizunguka kidogo karibu na shavu la msusi, kisha akaingia majini bila kishindo. Kutoka juu kilikuja kicheko cha wageni wanaojirusha bwawani.

"Wanafurahi," Kikaango akasema.

"Maji matamu yale," msusi akasema.

Kutoka kwenye kona ya mto lango lilionekana, limefungwa, limepakwa rangi mpya. Hoteli ilikuwa imelichora picha ya trauti, mkubwa, mzuri, kila doa mahali pake. Mawifi waliisifu kidogo, kisha wakarudi saluni kupiga deki.