Koti la Kafa Ulaya

Siku Mabula alipokuja barazani kwangu mara ya kwanza nilikuwa nimenuna. Tangu asubuhi nilikuwa nashona foronya za misheni, na fundi anayejua kushona koti akipewa foronya hununa, hata kama ni Mkristo.

"Fundi Bartholomeo," akasema, "nataka nguo za mwanamume mzima, kuanzia kofia mpaka viatu. Kila kitu isipokuwa kaki."

Nikamtazama. Mwenyewe alikuwa amevaa kaptula ya kaki na shati la kaki, vyote vimeshika ule udongo mwekundu wa mgodi wa Geita ambao hautoki hata ukifua siku nzima. Kagongwa yetu ya mwaka 1950, kila mwenye kazi ya mshahara alivaa kaki: karani, dereva, tarishi, mpaka mpishi wa Bwana Shamba. Kumwambia fundi wa Kagongwa kwamba hutaki kaki ni kumwambia mwenyeji wako kwamba hutaki ugali.

"Kaki imekukosea nini?" nikamwuliza.

Akaketi juu ya ngazi ya duka, akanieleza. Alimpenda Generosa, binti wa mzee Nkwabi, ambaye mji wake ulikuwa mwendo wa asubuhi nzima kutoka duka la Pranlal, Mhindi aliyenipa baraza yake niweke cherehani. Mzee alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, Ngassa. Mwaka 1942 Ngassa alichukuliwa keya, jeshi la Mwingereza, akaondoka nyumbani akiwa na kaki mpya mwilini, na baada ya miaka miwili ikaja barua ya mistari miwili kwamba amekufa vitani. Tangu hapo mzee akasema hakuna mtu wa kaki atakayeingia kwake kumwomba binti. Wachumba wawili walikwisha rudishwa kwenye uzio, mmoja wao karani mwenye baiskeli.

"Na sasa mjomba wake amepata mtu wa Nzega," Mabula akasema. "Generosa ameniambia atanisubiri mpaka mtama uvunwe. Baada ya hapo hana la kufanya. Baba yake akinikataa safari hii, nimemkosa."

Alisema hivyo akitazama viatu vyake vya mgodini, na mimi hasira za foronya zikaniisha. Nilimpenda kijana yule palepale. Wengi huja kwa fundi wakitaka kuonekana matajiri. Huyu alitaka tu mlango usifungwe.

Nikamwuliza anataka mtindo gani. Akanyanyuka, akaingia dukani, akaonyesha kidole kalenda iliyoning'inia nyuma ya mzani. Ilikuwa na picha ya mwanamume mmoja ameegemea nguzo: kofia ya pama imeinamishwa kidogo, koti la safu mbili za vifungo, suruali pana yenye mikunjo kiunoni, viatu vinang'aa.

"Kalenda hiyo ni ya mwaka 1938," nikamwambia. "Nguo hizo zimekwisha pitwa."

"Zipitwe zisipitwe, zinapendeza," Pranlal akadakia kutoka nyuma ya mzani. Kalenda alikuwa hajaitoa ukutani miaka kumi na miwili kwa sababu hiyohiyo, kwamba yule bwana alipendeza.

"Nataka kama huyo," Mabula akasema. "Nimemtazama tangu niko mdogo naletwa hapa kununua chumvi. Huyu hawezi kuitwa vitani."

Tukaanza. Kila alipopata likizo Geita alikuja na kitu. Pama aliipata kwa Mgiriki mmoja wa Nyarugusu aliyekuwa akihama. Ilikuwa imebonyea, nikaivukiza juu ya birika, nikairudisha sura. Viatu vya ngozi vilivyokwisha visigino tukampa fundi viatu wa Isaka. Shati nilimshonea kwa poplini nyeupe, kola ya kukaa wima. Suruali nikaikata pana kama ya kwenye kalenda, nikaweka mikunjo miwili kila upande, na Mabula alipoivaa akatembea barazani huku na huku akiitazama inavyopepea. Wanawake waliokuja kununua mafuta ya taa wakamcheka. Yeye naye akacheka.

Koti ndilo lililotushinda. Kitambaa cha sufu hakikupatikana Kagongwa wala Kahama. Mtama ulikuwa umekwisha toa masuke, nami nilianza kukosa usingizi kana kwamba mchumba ni wangu.

Ndipo Pranlal akaletewa robota kutoka Mwanza. Siku hizo nguo kuukuu za Wazungu zilikuwa zimeanza kuingia, na watu walizipa jina lao: kafa Ulaya. Jina lilijieleza. Nani mwenye akili atatoa koti zima, lenye vifungo vyote, akiwa hai? Basi mwenyewe kafa huko Ulaya, koti ndilo likaja. Ndani ya robota lile, chini ya magauni na fulana, nikavuta koti la sufu nzito, rangi ya kahawa iliyokaangwa, safu mbili za vifungo. Lilikuwa la mtu mwenye mabega ya kujaza mlango. Tulimvisha Mabula, akapotea ndani.

Nililifumua lote, mshono kwa mshono. Nikafua vipande, nikavigeuza ili upande wa ndani uliokuwa haujapauka uwe nje, nikavikata upya kwa kipimo cha Mabula. Lataben, mke wa Pranlal, akanipa sari yake ya zamani ya zambarau iwe bitana. Wiki tatu. Sijapata kushona kitu kizuri namna ile, kabla wala baada.

"Fundi," Mabula akaniambia alipolivaa, "mzee asijue kwamba ni kafa Ulaya. Akisikia nimekuja kuposa na nguo ya maiti, tumekwisha."

Nikaapa. Halafu akaniomba niwe mshenga wake, kwa kuwa ndugu zake walikuwa mbali. Nikakubali upesi mno. Mimi mwenyewe wazazi wangu niliwazika Tabora nikiwa sijaota ndevu, na tangu hapo shikamoo zangu zote zilikuwa za adabu tu, za kumwamkia mzee yeyote njiani. Kwenda kukaa kwenye mji wa watu, nikaamkia na kuitikiwa kama mtu aliyetarajiwa, kulinivuta kuliko nilivyotaka kukiri.

Tulifika kabla ya jua kuwa kali. Mama Generosa, jina lake Mbuke, akatutolea vigoda. Mzee Nkwabi alikuwa ameketi akisokota kamba ya ng'ombe.

"Mwangaluka, namhala," Mabula akamwamkia mzee kwa Kisukuma, akapiga goti huku suruali yake pana ikigusa mavumbi.

"Mwangaluka," mzee akaitikia. Akamtazama kuanzia juu. Pama. Shati. Suruali. Viatu. Hakuna kaki. Nikaona uso wake unalegea. Akanyoosha mkono, akashika ukingo wa koti, akaupapasa kwa kidole gumba kama mtu anayepima unga.

"Nguo hii ni nzuri," akasema. "Hii imeshonwa na Wazungu. Mafundi wetu wa barazani hawawezi."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kishenga tangu jana, ya jembe na ya mbegu. Yote yakanitoka kichwani. Hawawezi? Wiki tatu nimepofua macho, na sasa asifiwe Mzungu?

"Mzee, nimelishona mimi," nikasema. "Lilikuja kama gunia. Lilikuwa kafa Ulaya, nikalifumua lote na..."

Mabula alifumba macho. Mimi nikajing'ata ulimi, lakini neno likitoka halirudi.

"Nani kafa Ulaya?" mzee akauliza.

"Hakuna mtu, mzee. Ni jina tu la nguo."

"Umesema kafa Ulaya." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Katekista aliponisomea barua ya serikali alisema maneno hayohayo. Ngassa kafa Ulaya."

Ngassa alifia Burma. Lakini kwa mzee Nkwabi ng'ambo yote ya bahari ilikuwa Ulaya, na sikuwa na ramani ya kumwonyesha, na hata ningekuwa nayo ingesaidia nini. Kamba ilikuwa imemwanguka mkononi. Mbuke alikuwa ametoka jikoni, na nyuma yake Generosa, amesimama mlangoni na mwiko.

"Basi nguo za waliokufa huko zinarudi," mzee akasema. "Zinaletwa kwa Mhindi. Miaka yote hii mimi sikuambiwa." Akamgeukia Mabula. "Ng'wanawane, mwanangu, livue nilione."

Mabula akavua. Mzee akalipakata koti magotini. Mbuke akapiga magoti kando yake, akaingiza mkono mifukoni, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mama anayetafuta kitu alichosahau mtoto.

"Ni la kwake?" akauliza.

Nakiri: uongo ulikuja mpaka kwenye meno yangu. Kusema ndiyo kungewafurahisha wote. Posa ingekubaliwa kabla ugali haujaiva. Nikamtazama Mabula, nikaona naye amekwisha liona jambo lilelile, na mtama ulikuwa umesimama nyuma ya nyumba umeiva, tayari kuvunwa.

"Hapana, mama," Mabula akasema. "Ni la Mzungu tusiyemjua. Lilikuwa kubwa sana, likapunguzwa. Ningependa liwe la Ngassa, lakini si la kwake."

Mbuke akautoa mkono mfukoni. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Mzee akaanza kusema, na hapo ndipo nilipojua kwamba kaki ilikuwa kisingizio tu. Katika ukoo wao msiba haufungwi mpaka nguo za marehemu zitolewe mbele ya ndugu, apewe mtu wa kusimama mahali pake. Ngassa hakurudisha hata kitambaa. Kwa hiyo matanga yalikuwa bado wazi, mwaka wa sita sasa, na nyumba yenye matanga haiozi binti, ila aozwe kutoka kwa mjomba, kama kwa yule mtu wa Nzega. Wale wachumba wawili angewaambia nini? Alikuwa anaona haya kusema kwamba hana nguo ya kumzikia mwanawe.

Mabula akalitazama lile koti, likizo zake zote za msimu ule, magotini pa mzee.

"Baba," akasema, "Mzungu huyu naye hana mtu wa kumlilia hapa, kama Ngassa alivyokosa mtu kule. Lichukueni. Lisimame badala ya nguo zake."

"Na wewe utaposa na nini?"

"Na shati."

Mzee akalikunja koti, bitana ya zambarau ikawa nje, akashukuru, "Wabeja," mara moja tu.

Siku ya tatu ndugu walikuwa wamekusanyika. Koti liliwekwa juu ya kigoda cha Ngassa, watu wakalia kilio kilichokaa miaka sita kifuani. Nililia na mimi, sijui nikimlilia nani, nadhani Tabora. Walipokwisha kunyoa nywele, mzee akasimama, akalichukua koti, akamwendea Mabula. Macho yake yalikuwa na furaha kabisa.

"Wewe umesema kweli ulipoweza kusema uongo. Vaa wewe. Simama mahali pa mwanangu."

Ndugu wakashangilia. Mabula akanyoosha mikono ilipo mikono ya koti.

"Baba," Generosa akasema kutoka upande wa wanawake, "ukimvisha hilo atakuwa kaka yangu."

Kelele zikakatika. Mabula akairudisha mikono yake mwilini upesi kama aliyegusa chungu cha moto. Shangazi mmoja akaanza kucheka, akajiziba kwa kanga, lakini kicheko kikawapita wote, mpaka Mbuke. Sijui ni mara ya ngapi watu walicheka ndani ya uzio ule tangu barua ije. Nadhani ya kwanza.

Mzee akabaki na koti mkononi, akiangaza huku na huku. Ndugu wa kiume wa rika lile kila mmoja alikuwa na baba yake hai. Kisha macho yake yakanifikia mimi, nikiwa nimejibanza karibu na ghala.

"Fundi. Wewe ndiye uliyeyatamka maneno ya kifo chake hapa. Baba yako yuko wapi?"

"Alikwisha kufa, mzee."

"Mama?"

"Naye."

"Njoo hapa."

Lilinibana mabegani na mikono ikanifunika vidole, kwa sababu nililikata kwa kipimo cha mwingine. Nilitamani kusema kwamba nitalirekebisha. Badala yake nikafunga vifungo, kimoja kimoja.

Walioana baada ya mavuno, misheni, Mabula ameinamisha pama yake kama yule wa kwenye kalenda, ndani ya shati jeupe bila koti, na hakuna aliyeona upungufu. Mimi sikukaa upande wa bwana harusi. Nilikwenda mshenga nikarudi shemeji, na mpaka leo Mabula hunitania kwamba nilimvua koti na bado nikala mbuzi wake.

Koti nililifumua mara ya pili, nikalishona kwa kipimo changu. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo nililivaa, nikafunga cherehani mapema, nikaenda. Mbuke alikuwa anapepeta mtama uani. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Akaweka ungo chini, akanitazama, akainyoosha kola yangu ambayo haikuwa imepinda.

"Marahaba, Ngassa," akasema. "Mbona umechelewa hivyo?"

Nikamwambia njia ilikuwa ndefu.