Mgeni Rasmi wa Ipagala

Jioni ya Jumanne, kwenye chumba chao cha kupanga Ipagala, Dodoma mjini, Hilda alikuwa anachambua maharage kwenye ungo huku kompyuta ya bintiye ikiunguruma mezani. Kwenye kioo cha kompyuta, ndani ya gemu, marehemu mumewe Bartolomayo alikuwa amelala kwenye mkokoteni wa punda, akipelekwa hospitali. Alipofika mahali ambapo hufumba macho kila siku, aliketi, akajipangusa vumbi na kumwamkia mkewe kwa Kigogo, "Mbukwa, Hilda. Mbona umekonda?"

"Nimekonda mimi au wewe?" Hilda alijibu, akatupa kijiwe alichokikuta kwenye maharage.

Erica, bintiye, alikagua programu mstari kwa mstari, hakuona kosa. Akamwamkia baba yake, kisha akaenda kubandika maji ya ugali.

Gemu ile aliitengeneza Erica mwenyewe baada ya msiba. Inaanzia kijijini kwao wilayani Chamwino, mbele ya Haneti, siku ile utumbo wa baba yake ulipojisokota. Mchezaji anaswaga punda, anamnywesha mgonjwa maji, anaomba njia kwa wenye ng'ombe, na hata akifanya haraka vipi, mgonjwa anafia njiani. Watu wa nchi ambazo Erica hakuwahi kuzisikia waliicheza wakalia, halafu wakaandika kumshukuru kwa kuwaliza. Wachache walilalamika kuhusu punda, wakisema hakuna punda duniani mkaidi kiasi hicho. Hao hawajafika Chamwino.

Lalamiko kubwa lilihusu gari. Mwanzoni kabisa mwa gemu kuna kituo cha afya, na mbele yake limeegeshwa gari la wagonjwa, jeupe, jipya, limefungwa utepe mwekundu kutoka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma. Mchezaji akibonyeza mlango anapata maandishi: Gari halijazinduliwa. Wengi walidhani ni hitilafu. Erica aliwajibu kwa adabu kwamba si hitilafu, ndivyo lilivyokuwa.

Na ndivyo lilivyokuwa kweli. Gari lilikuwa la msaada, na kamati ya mapokezi ilishaamua kwamba halitabeba mtu kabla mgeni rasmi hajakata utepe. Mgeni alipangiwa Alhamisi, akapata udhuru. Akapangiwa Alhamisi nyingine, akapata udhuru mwingine. Kila alipopata udhuru, kwaya ilipata muda wa kuongeza ubeti. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bartolomayo. Utepe aliufunga yeye kwa mikono yake, akaulinda dhidi ya mbuzi na watoto. Siku tumbo lilipomshika, Hamza, dereva, alikuja mbio na ufunguo mkononi. Bartolomayo, amejikunja chini, jasho linamtoka, alisema utepe usiguswe, mgeni anakuja Alhamisi. Basi wakafunga punda.

Hilda alikuwa na hasira naye tangu siku hiyo. Alimpenda, alimlilia, akamvalia nguo nyeusi, lakini hasira haikumtoka. Kumgombeza marehemu ni kazi ya bure, maana hajibu. Sasa alikuwa anajibu, na Hilda hakuwa mtu wa kuiacha nafasi kama hiyo impite.

"Panda gari," alimwambia jioni iliyofuata.

"Halijazinduliwa, mama Erica."

"Unakufa!"

"Nimeshakufa. Ila watu watasemaje, mwenyekiti mwenyewe ndiye avunje utaratibu?"

Hilda akamwamuru Erica aufute ule utepe. Erica akaufuta. Kesho yake walikuta Bartolomayo ameufunga upya, fundo zuri kuliko la kwanza, na amerudi kwenye mkokoteni kufa. Wakafuta tena, akafunga tena. Erica akasema labda wamwache mzee apumzike.

"Apumzike wapi? Barabarani?" Hilda akauliza. Alichokitaka kilikuwa kidogo tu: mumewe aingie kwenye gari lile kwa ridhaa yake, afike hospitali, hata kama ni ndani ya kompyuta. Bila hivyo asingeweza kumsamehe, na kulala kila usiku umemnunia mtu aliyekufa kunachosha.

Jumapili alipotoka kanisani hakubadili nguo. Alijitanda kitenge kipya juu ya gauni, akabaki na viatu vyake vya kisigino, akabandika ua la karatasi kifuani. Akatandika kitambaa juu ya kiti, akaketi mbele ya kompyuta.

"Mwenyekiti," alisema, "mgeni rasmi ameshafika. Mbona hakuna anayenipokea?"

Bartolomayo aliinuka. Alimtazama mkewe juu hadi chini, akalitazama na ua. Alikuwa mtu wa taratibu, na utaratibu ulikuwa wazi kwamba mgeni akishafika hasubirishwi. Akavaa kofia, akaita kwaya. Kwaya ikaimba beti zote, pamoja na za nyongeza. Akasoma risala, mkono mmoja kwenye karatasi na mwingine tumboni, akaeleza mafanikio ya kijiji na changamoto zake, akaomba radhi kwa mapungufu yoyote ya mapokezi. Hilda alisikiliza hadi mwisho kwa sura ya kiserikali. Kisha akachukua mkasi wa jikoni, akaukata utepe palepale juu ya kioo. Utepe ukaanguka. Vigelegele vikapigwa, hadi jirani akagonga ukuta kuomba wapunguze sauti.

Bartolomayo akapanda gari. Alipokuwa analazwa kwenye machela alisema, "Ahsante, mgeni rasmi," na Hilda akalia, kwa mara ya kwanza bila hasira. Hamza akapiga honi. Walipita Haneti, wakafika Dodoma jua halijazama, madaktari wakampasua mgonjwa, wakamlaza wodini karibu na dirisha. Wodi hiyo Erica hakuwahi kuichora. Ilikuwa na saa zake za kuona wagonjwa, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na nje ya hapo mlinzi hakufungua hata kwa mwenye kompyuta.

Tangu siku hiyo Hilda alikwenda kuona mgonjwa kila jioni. Erica alichora ugali wa uwele na mlenda, mama yake akisimamia nyuma ya bega na kumwambia mlenda huo hauvutiki, achore vizuri.

Katikati ya wiki alipiga simu Loisi, jirani wa kijijini aliyekuwa akiwatunzia nyumba yao. Alizungumza huku anatafuna udongo, maana alikuwa na mimba, anakaribia kujifungua.

"Shikamoo, mama. Kofia ya baba inakuja na basi," alisema.

Jumatatu asubuhi, alieleza, gari lilikutwa limejaa vumbi, tangi tupu, utepe umekatwa, na kofia ipo juu ya machela. Hamza alihojiwa, akasema alilala kwake. Kofia ilikuwa ileile waliyomzika nayo Bartolomayo, wote waliitambua, kwa hiyo Hamza hakusumbuliwa zaidi. Kamati ilikaa siku nzima. Ilikubali kwa kauli moja kwamba gari lilikwenda Dodoma na kurudi, ila kwenda Dodoma siyo kuzinduliwa.

"Sasa si linatumika?" Hilda aliuliza.

"Wamefunga utepe mwingine, mama. Mpana kuliko ule. Mgeni amesema Alhamisi." Loisi alicheka hadi akashindwa kuongea, na Hilda naye akacheka.

Alhamisi mgeni alipata udhuru. Ijumaa Loisi alishikwa na uchungu. Mtoto alitoka salama, lakini damu ya mama ikakataa kukata. Denis, mumewe, alifunga punda. Simu yake ilifika Ipagala Jumamosi mchana, akiwa njiani anamrudisha mkewe kijijini kumzika. Hilda alikaa sakafuni, simu mapajani, na uchungu alioupata ulikuwa uleule wa mwanzo, haukuwa umepungua hata kidogo.

Ilipofika saa kumi alinawa uso, akaenda kuona mgonjwa. Bartolomayo alikuwa ameketi kitandani, anaitazama mikono yake. Kando yake kulikuwa na kitanda cha pili, na juu yake amelala Loisi, miguu imejaa vumbi la njia. Alimwamkia Hilda, kisha akauliza kama mtoto amepewa maziwa.

"Amepewa," Hilda alisema. "Yuko kwa bibi yake."

Halafu akamgeukia Erica, akamwambia achore sahani nyingine.