Foleni ya Kisima cha Akina Inamdar

Alhamisi, saa tano na nusu asubuhi, Shripad Inamdar alikuwa amechuchumaa kwenye ngazi ya tatu kati ya zile za mawe zilizoshuka hadi maji ya kisima cha mababu zake, akisugua maandishi ya jiwe kwa mswaki. Alikuwa na miaka sitini na minne, na thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameishi Melbourne, akisanifu madaraja. Mambo ya Kesarwadi, mji wao huko India, aliyajua kuliko waliobaki: nani alijenga lango la kaskazini, soko la pamba liliungua mwaka gani, kwa nini mkate wa mtama wa pale huliwa na chatini ya kitunguu saumu na si ya karanga. Kila mwezi aliwaandikia makala wenyeji wenzake waliotawanyika ughaibuni, nao walimjibu kwa machozi.

Kisima kilikuwa kimejaa taka kwa miaka arobaini. Mafundi walizoa tope majuma sita, na Jumanne maji yakapanda yenyewe mpaka ngazi ya ishirini. Uzinduzi ulikuwa Jumapili. Wageni arobaini na wawili walikuwa njiani.

Alipoinua kichwa, aliona wanawake kumi na mmoja wamejipanga juu, kandokando ya ukuta, kila mmoja na mtungi kichwani. Walikuwa wamekufa zamani. Vivuli vyao vilielekea upande wa jua. Shripad aliwaamkia kwa viganja viwili vilivyokutanishwa.

"Karibuni, mama zangu. Shukeni mchote."

Hakushuka hata mmoja.

Akaenda kumuuliza dada yake. Kamal, mjane wa miaka sabini na mmoja, ndiye aliyeachiwa nyumba ya ukoo ng'ambo ya uchochoro. Alikuwa barazani akichambua dengu.

"Ni wa mtaa wa chini, wa tabaka lisiloguswa," alisema bila kusimamisha mikono. "Wangeshuka vipi? Hawakuruhusiwa kukanyaga ngazi. Walikuwa wakingoja pale mpaka mtu wa kwetu apite awahurumie, awamwagie kutoka juu, ndoo isiguse mtungi."

"Mbona mimi sikuwahi kuona?"

"Ulikuwa shule. Halafu ukawa Bombay. Halafu ukawa huko kwako."

"Na asipopita mtu?"

"Wanangoja. Wewe nawe, unahoji kama polisi! Nenda ukale, mkate unapoa."

Hakula. Alirudi, akachota, akawamwagia. Mitungi haikujaa. Mpaka jua linazama alikuwa amemwaga ndoo sitini, viganja vimetoka malengelenge, na mitungi haikuongezeka uzito. Bibi mmoja aliyeitwa Dhondabai alimwelekeza amwage taratibu, asilowanishe watu miguu.

Ijumaa wakawa thelathini na wanne. Jumamosi foleni ilipita duka la mshona nguo na kukata kona kwenye hekalu. Mshona nguo aliwaomba wasogee kidogo wateja wapite, wakasogea.

Shripad aliziogopa picha za Jumapili. Kisha akaanza kuogopa kitu kingine. Alikuwa amechapisha kijitabu cha kurasa themanini juu ya kisima hicho, na alipokipekua ukurasa kwa ukurasa, hakukuta mtungi hata mmoja.

Adhuhuri ile alimwona Sarubai, mama aliyefagia ua wa Kamal, amesimama kwenye foleni akizungumza na Dhondabai.

"Unamfahamu?" akamuuliza.

"Ni bibi yake mama yangu."

"Basi mwambie ashuke. Mimi mwenye kisima ndiye nasema. Zamani zimepita."

Sarubai akacheka, akaziba mdomo kwa upindo wa sari. "Zimepita, bwana mkubwa? Na chai yangu ya asubuhi huwa inakaa wapi?"

"Si dada hukupa?"

"Hunipa, sikatai. Njoo uone."

Ilikaa kwenye tundu la ukuta wa nje, karibu na choo, katika kikombe cha bati kilichobonyea. Sarubai alikiosha mwenyewe na kukirudisha mwenyewe. Kamal alimmiminia kutoka juu, birika lisiguse. Kila Desemba, miaka yote ile, Shripad alikuwa akinywa chai hatua kumi kutoka kwenye tundu hilo.

"Bibi anasema," Sarubai aliongeza, "siku nikinywea ndani, nao watashuka."

Shripad alimkuta dada yake jikoni.

"Dada, mpe kikombe cha kabatini. Leo tu."

"Leo tu, na kesho je? Wewe Jumanne unapanda ndege. Mimi nabaki na majirani. Nani atakula kwangu tena? Nikifa nani atanibeba?"

Shripad alitazama saa. Fundi wa mahema alikuwa akimngoja mlangoni.

"Basi, baada ya sherehe," alisema, na Kamal akakubali upesi, kama aliyeombwa chumvi.

Sherehe ilikwenda vizuri. Mama mmoja kutoka New Jersey aliwaomba wanawake waigeuze mitungi kidogo ili nakshi zionekane, akawapiga picha. Shripad alihutubia dakika ishirini. Alipofika kwenye maneno "kisima kilichowanywesha watu wote wa mji huu", alikatiza kusoma. Aliinamisha kichwa, akanywa maji, kisha akaisoma sentensi kama ilivyoandikwa. Watu wakapiga makofi.

Jumatatu alitafuta mtu wa kumwaga maji baada yake. Alimtaja mume wa Sarubai, mwenye mabega mapana. "Ashike ndoo yetu?" Kamal aliuliza, na suala likaishia hapo. Akaajiriwa mpishi wa hekaluni, mtu wa tabaka lao, ambaye hakuona tatizo lolote. Habari ya kikombe hakuna aliyeigusa. Jioni hiyo Shripad alifungua kompyuta aandike makala ya mwezi. Aliandika kuhusu matao ya kisima.

Jumanne teksi iliondoka polepole, maana foleni sasa ilifika kituo cha mabasi. Walipokwama kwenye kona ya hekalu, Dhondabai aliinama dirishani akamuuliza swali ambalo kila mtu wa Kesarwadi alimuuliza.

"Unarudi lini, mwanangu?"

"Desemba, mama."

"Haya," alisema, akiuweka mtungi sawa kichwani. "Tupo."